Kabuli Iliyochelewa Njiani

Jumatatu, 7 Agosti 2006

Nimekata simu ya mezani! Nimeibeba mwenyewe hadi ofisi ya simu hapa Masoko, nikaiweka kaunta, waya nimeuzungusha vizuri. Mama wa kaunta aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika! Akauliza sasa nitapigaje simu. Nikamwambia dunia inakwenda mbele, wao wabaki na nguzo zao zinazoliwa na mchwa. Akanipa karatasi, nikasaini. Nilitoka pale mwepesi kama mtu aliyetoka kunyoa.

Sababu ni intaneti. Fundi Valentini, yule Mmakonde aliyefunga dishi kwenye gesti iliyo nyuma ya duka langu, amenivutia waya mpaka ndani na kuniuzia kompyuta. Unavaa hedifoni, unabonyeza, unaongea na Maskati, na London, na popote, kwa bei ya andazi. Simu za mkononi zinafaa kumuuliza mtu kafika wapi. Ukipiga nayo Maskati, vocha inakwisha hujamaliza kuulizia hali za watoto.

Kuna sababu ya pili, ambayo ndiyo ya kwanza. Samia, binti wa dada yangu Kazija, anaolewa Ijumaa. Mume ni Musa, kijana wa hapa hapa, lakini yuko Maskati anaendesha lori la samaki na tajiri wake hampi likizo. Bila cheti cha ndoa hawezi kumwombea Samia viza. Kwa hiyo ndoa itafungwa kwa simu. Ilishawahi kufanyika dukani kwangu, Shehe aliruhusu, mashahidi wakasikia, watu wakala, na sasa wana watoto.

Baba yake Samia ni marehemu, Mungu amrehemu. Walii, mwenye haki ya kumwoza, ni baba yake mdogo, Mzee Shamte wa Songo Songo, ambaye mtoto huyu kamwona siku za Idi tu. Mimi ni mjomba. Nimemlea, nimemnunulia sare, nimegombana na walimu wake. Lakini siku ya ndoa mjomba hana neno la kusema. Anakaa mkekani kama wageni wengine. Basi! Ndoa iwe yao, simu itakuwa yangu. Nimemwahidi dada mbele ya Samia mwenyewe: Ijumaa, dukani kwangu, kwa intaneti, mpaka Kilwa Kivinje watasimulia.

Dada aliuliza kwa nini nisingeacha ile ya zamani mpaka harusi ipite. Huyu alizaliwa na woga.

Jumanne, 8 Agosti

Nimebadilisha kibao. Zamani kiliandikwa SIMU HAPA. Sasa: KWAHERI WAYA, DUNIA NZIMA KWA INTANETI. Mwahija, mjane mwenye cherehani ng'ambo ya barabara, alitoka, akakisoma, halafu akautazama waya unaotoka kwenye dishi na kupita juu kabisa ya kibao. Mtu akinyamaza hivyo ni wivu.

Nimejaribu na Musa. Sauti safi! Kama mtu aliye kisimani, lakini safi. Inachelewa kidogo tu. Unasema, unangoja, unameza mate, unaangalia dari, ndipo jibu linakuja. Valentini anasema sauti inapanda kwenye setilaiti kisha inashuka, na huko juu inakuta foleni. Nikamuuliza kama haiwezi kuombewa njia. Akaanza kunieleza. Niliacha kusikiliza mapema.

Mimi nimeshazoea. Tena ni bora. Ukichelewa kujibiwa unapata nafasi ya kufikiri. Simu ya zamani iliwafanya watu waropoke.

Alhamisi, 10 Agosti

Siku mbaya, na ubaya wenyewe ni wa aina mbili.

Kwanza, Mzee Shamte ameshuka na boti kutoka Songo Songo. Kavaa koti, kwa jua hili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye kibao changu, kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Nikamkaribisha asikilizane na mkwewe. Nikamvisha hedifoni, kofia ikaanguka, nikaiokota. Akakaa wima akingoja kuamkiwa. Kimya. Akangoja. Kimya. Akavua, akasema kijana hana adabu, akaziweka mezani. Hapo ndipo shikamoo ikatoka, ndogo, haina wa kuipokea. Nikaiitikia mimi ili isipotee.

Nilimweleza kwamba Maskati ni adabu kutafakari kwanza kabla ya kumwamkia mkubwa. Hakuafiki. Akasema kule Songo Songo kuna mtoto wa rafiki yake, ana boti yake mwenyewe, na huyo huamkia hapo hapo. Alisema hivyo Samia akiwa mlangoni na sahani ya kashata. Samia aliiweka sahani chini akaondoka. Yule mwenye boti alishawahi kuleta posa na kukataliwa. Kumbe mzee bado anamtunza mfukoni.

Pili. Mwahija ameweka simu ya mezani. Simu yangu! Rangi ile ile ya maziwa, na ufa ule ule niliouziba kwa gundi. Na namba yangu! Kumbe ofisi ya simu ilikuwa na watu wanaosubiri laini, na yeye ndiye aliyekuwa mbele. Watu wa Somanga na Miteja wanapiga namba waliyoizoea, inalia kwake, juu ya cherehani. Amenitumia ujumbe wa heshima kwamba nikipigiwa ataniita. Nimejibu kwamba sina shida ya kuitwa.

Ijumaa, 11 Agosti

Sitaki kuandika.

Nitaandika. Sijashindwa mimi.

Baada ya swala walikuja, duka likajaa. Mikeke chini, udi juu, wazee wamekaa hadi chini ya rafu ya sabuni. Samia alikuwa nyumbani kwa mama yake na wanawake wote, hina mikononi, wanangoja habari ili wapige vigelegele. Nilifungua spika ili kila mtu asikie. Musa akatoa salamu, mashahidi wakaitambua sauti yake. Shehe akasoma hotuba. Mpaka hapo hakukuwa na mtu mkubwa kuliko mimi Kilwa nzima.

Mzee Shamte akasema neno lake. Alilisema vizuri, siwezi kumnyima haki yake: Nimekuozesha Samia, binti wa ndugu yangu, kwa mahari mliyokubaliana. Kimya. Wote wanakitazama kisanduku cha spika. Kimya. Mmoja akakohoa. Mishipa ikamtoka Mzee Shamte shingoni, akanigeukia, akaniuliza kama akikitupa baharini kisanduku changu sasa hivi nitakubali au sitakubali.

Na kisanduku kikajibu, kwa sauti iliyojaa duka zima: Nimekubali, kwa mahari tuliyokubaliana!

Walicheka. Wazee wazima, na kanzu zao za Ijumaa, walilaliana. Mmoja aliegemea rafu, viberiti vyote vikaja chini.

Nikasema mashallah, imepita, nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu. Shehe akainua mkono, akaeleza kwa upole, na upole ndio ulioniuma. Akasema neno la walii na kabuli ya mume, yaani lile Nimekubali, lazima zifuatane, hii imeshika kisigino cha ile. Likiingia neno la nje katikati, au kimya kirefu, ndoa haikufunga. Simu ya zamani aliiruhusu kwa sababu jibu lilikuja papo hapo. Huyu wa leo amekubali, alisema, lakini Mungu ndiye ajuaye amekubali nini.

Nimehudhuria ndoa ngapi maishani? Nisijue hilo? Lakini katika zote hizo hakuna bwana harusi aliyewahi kuchelewa! Mtu ataijuaje sheria ambayo hajaona ikivunjwa?

Kilichoniumiza hasa ni hiki. Vicheko vilisikika mpaka kwa dada. Wanawake wakadhani ni furaha, wakapiga vigelegele. Ilibidi mtu aende kuwaambia. Nilikwenda mimi. Samia alikuwa ameshasimama katikati yao anatunzwa. Nilipomaliza kusema alinitazama tu, hakulia. Sipendi kutazamwa vile tena.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimeamka na jibu!

Kama kabuli inachelewa njiani, si ianze safari mapema? Nimempigia Musa. Nimemwambia mzee akianza tu kuvuta pumzi, yeye akubali. Asingoje amalize. Neno litakuwa njiani, litafika mzee anapofunga mdomo. Mbona watu wa basi la Dar wanatoka nyumbani kabla basi halijafika?

Tumefanya mazoezi asubuhi nzima, mimi nikiwa Mzee Shamte. Nimemuozesha Samia hadi koo limekauka. Mteja mmoja wa betri alisikiliza kidogo, akauliza kama nina homa, akaenda kununua kwingine. Valentini anasema ile foleni ya juu haina kawaida, leo ndefu, kesho fupi. Mafundi hawakosi la kusema.

Dada amekwenda kumbembeleza Shehe. Shehe amekubali turudie mara moja tu, kesho baada ya alasiri. Sikumweleza mbinu. Mbinu ikielezwa si mbinu tena.

Jumapili, 13 Agosti

Leo hakukuwa na foleni huko juu.

Mzee Shamte alivuta pumzi, akasema Nimeku— na kisanduku kikalipuka: Nimekubali!

Shehe akavua miwani. Akaniuliza mimi, si Musa, kijana huyu amekubali nini. Nikasema amekubali kwa ujumla. Shehe akasema mtu anayekubali kabla hajatajiwa mke anaweza kuozwa hata bibi kizee wa mtaa wa pili, na bibi kizee mwenyewe asijue.

Ingeishia hapo lingekuwa jambo la kuvumilika. Lakini Musa, maskini, hakusikia jibu, akadhani neno lake halikufika. Akarudia. Akarudia tena. Huku ndani watu wanagombana na kule anakubali. Mzee Shamte akanyanyuka, akatamka mbele ya wote kwamba yeye ndiye walii, kwamba anangoja Ijumaa ijayo na si zaidi, na kwamba ikipita Ijumaa hiyo ataipokea upya posa ya yule mwenye boti.

Kisanduku kikasema: Nimekubali!

Hilo mzee alilipokea vizuri sana. Akasema angalau leo kijana amesema neno la maana. Nikazima spika, lakini kuzima nako nilichelewa.

Dada yangu hanisemeshi. Amekuja kuchukua sufuria yake aliyoniazima tangu mwaka jana. Mimi sitikisiki. Kila kitu kipya huchekwa kwanza. Hata mtu wa kwanza kuvaa viatu hapa Kilwa lazima walimcheka.

Jumanne, 15 Agosti

Samia amekwenda kwa Mwahija. Mchana kweupe, mbele ya duka langu, na shingo hakuigeuza.

Akampigia Musa kwa simu yangu ya zamani. Nilikuwa mlangoni nafagia. Nilifagia mahali pamoja muda mrefu. Namsikia anacheka! Neno linakwenda, neno linarudi, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Iliniuma. Shajara ni yangu, naweza kuandika ukweli: iliniuma hadi nikavunja mti wa ufagio.

Baadaye Mwahija akavuka barabara. Akasema kwa heshima zake zote kwamba naitwa kwenye simu. Nikamkumbusha kwamba sina shida ya kuitwa. Akasema Shehe yuko kwake, na Mzee Shamte, na mashahidi, wote wananingoja mimi. Nikavaa kanzu juu ya suruali ya kazi, nikavuka.

Kumbe Samia alikwenda mwenyewe kwa Shehe jana. Hakulia, hakulalamika. Aliuliza tu kama kuna njia nyingine. Shehe akamwambia ipo, ya tangu enzi na enzi: mume anaweka wakili, mtu aliye hapa hapa, anayekaa mkekani na kumkubalia. Kuweka wakili hakuna haraka. Ukimweka leo akafanya kazi Ijumaa, ni halali. Sasa Musa alikuwa kwenye simu, anataka kumtaja wakili wake, na anataka mimi niwepo.

Nikajua, hapa nimeletwa kusutwa. Atamtaja kijana fulani wa maana na mimi nishuhudie. Nilishaapa kwamba simu ile sitaigusa tena. Sikuigusa. Niliinama tu karibu yake, mikono nyuma.

Musa akasema wakili wake ni mjomba Bakary.

Mzee Shamte akapinga pale pale. Mjomba wa bibi harusi akae upande wa bwana harusi, tangu lini? Shehe akasema hakuna katazo. Samia alikuwa nyuma ya cherehani, anajifanya anachagua vifungo. Nilimwuliza kama hili ni wazo la Musa. Akasema Musa hana mawazo, mjomba, Musa anakubali tu.

Nimerudi dukani, nimefunga mlango, nimelia. Kidogo. Halafu nimeuza sabuni.

Alhamisi, 17 Agosti

Sufuria imerudi. Dada aliiweka mezani, ndani mna vitumbua.

Nimefanya mazoezi ya neno langu mbele ya kioo. Ni fupi mno. Mtu anangoja umri wote apewe neno la kusema kwenye ndoa, halafu linakwisha kabla hajaenea kwenye mkeka. Nimeliongezea utangulizi mdogo. Ni mzuri sana.

Ijumaa, 18 Agosti

Nyumbani kwa dada. Hakuna kompyuta, hakuna spika. Nimekaa mkeka wa mbele, goti kwa goti na Mzee Shamte, mkono wake ndani ya wangu. Nyuma ya pazia naona vidole vyenye hina vinalishika pazia lenyewe.

Mzee akasema kwamba amemuozesha Musa, kwa uwakili wangu, Samia binti wa ndugu yake, kwa mahari waliyokubaliana. Akafunga mdomo. Watu wote wakanitazama mimi. Mimi! Nikajikaza, nikaanza: Ndugu zangu, kabla sijakubali, ningependa kusema machache kuhusu maendeleo ya mawasiliano katika wilaya yetu...

Shehe akafumba macho. Dada yangu alipiga ukelele ndani ambao haukuwa kigelegele. Imekatika! Kabuli imechelewa, na safari hii hakuna dishi, hakuna Maskati, mtu mwenyewe yuko hapa na mkono kashikwa. Mzee Shamte akauliza kama na mimi napitia setilaiti.

Wakaanza upya. Mzee Shamte hakuniachia mkono. Alinibana. Yule mzee amevuta nyavu maisha yake yote. Akasema neno lake, na alipofunga mdomo akanibana zaidi, mfupa juu ya mfupa, nikapiga kelele papo hapo, kwa maumivu na kwa moyo wangu wote: Nimekubali kumwolea Musa, kwa mahari waliyokubaliana!

Imefunga! Shehe akasema imefunga! Vigelegele vikapigwa, vya kweli. Samia ameolewa, na neno lililomwoza limetoka katika kinywa changu mimi mjomba wake. Nilifurahi hadi nikamkumbatia Mzee Shamte. Hakujitoa. Akaninong'oneza kwamba yule mwenye boti hata kuogelea hajui.

Jumatatu, 21 Agosti

Cheti kimeshatumwa Maskati. Samia ananiamkia tena kila asubuhi akipita. Mkono wangu wa kulia bado umevimba.

Mjini wanasema intaneti ya Bakary imeshindwa. Uongo! Valentini naye amenishauri eti niombe laini ya mezani tena, niwe na zote mbili. Nimemwambia akafie mbele na ushauri wake. Nimetafakari siku tatu na kosa nimeliona leo, nikipiga mswaki. Intaneti haikuchelewa. Watu wa dukani ndio waliowahi! Mmoja anapitia juu, wengine hawapitii popote. Lazima wapishane. Wangepitia juu wote, wangechelewa sawasawa, na neno lingeshika kisigino cha neno kama kawaida.

Na Mungu hamtupi mja wake. Mchana amekuja Bi Saida, yule anayeuza samaki wa kukaanga pale Somanga yanaposimama mabasi. Mwanawe yuko Dubai, anaoa binti wa Miteja. Alikuwa anavuka kwenda kwa Mwahija. Nilimkimbilia, nikamkamata katikati ya barabara, nikamwingiza dukani, nikampa soda.

Nimemweleza mpango wote. Bwana harusi Dubai, kwenye kompyuta. Walii tunampeleka Lindi, kwenye kompyuta. Mashahidi Mtwara. Shehe tutamtafuta wa Dar es Salaam, huyu wetu ana mambo mengi. Bibi harusi naye anaweza kupelekwa Nachingwea, huko ana shangazi. Kila mtu na kisanduku chake, hakuna atakayemtangulia mwenziwe.

Bi Saida alikunywa soda yake hadi chini. Akauliza, sasa siku hiyo pale Miteja, kwenye mkeka, atakaa nani?

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nitakaa mimi.